Mashine za mazoezi ya moyo nyumbani: ya kuanza nayo na ya kuachana nayo

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 hadi 150 za mazoezi makali. Ukichukua kiwango cha chini, ni nusu saa kwa siku, siku tano. Tumezipanga mashine hizi kwa kipimo hicho: ipi itavumilia nusu saa hiyo kwa miaka, na magoti yako yatavumilia nayo? Kalori zinazoonyeshwa kwenye skrini hatukuzihesabu, maana ni makadirio tu na mara nyingi huwa ya ukarimu kupita kiasi.

1. Baiskeli ya mazoezi yenye sumaku

Kwa watu wengi, hii ndiyo ya kununua. Haichukui nafasi kubwa, haina kishindo, na nyingi hutumia betri ndogo kwa skrini tu au hazihitaji umeme kabisa. Cha kuangalia kwanza ni breki. Breki ya sumaku haigusi gurudumu zito, kwa hiyo hailiki. Ile ya bei nafuu hubana gurudumu kwa kipande cha felti au ngozi. Kipande hicho huisha, hutoa vumbi na harufu ya kuungua, na ugumu hubadilika katikati ya mazoezi.

Jaribu kiti kabla ya kulipa. Weka kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuinama upande. Ukisogeza unyayo mahali pake, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kama inakubidi uvute nguzo ya kiti kupita alama ya mwisho ili ufike hapo, baiskeli hiyo ni fupi kwako.

Hitilafu inayoua baiskeli nyingi mpya hutokea siku ya kuifunga. Pedali ya kushoto ina uzi wa skrubu wa kinyume: hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Anayeilazimisha upande wa kawaida hula uzi wa kranki, yaani mkono wa chuma unaoshika pedali, na hapo ni kununua kranki nyingine. Soma herufi L na R kwenye pedali, anza kwa vidole, malizia kwa spana, kisha kaza tena baada ya wiki moja. Pedali inayochezacheza ikiendelea kukanyagwa, nayo itakula uzi.

2. Mashine ya kupiga makasia

Inafanyisha kazi miguu, mgongo na mikono kwa pamoja, na miguu haipigi chini. Ingeshika namba moja kama si mambo mawili. La kwanza ni nafasi: nyingi zina urefu wa mita 2 hadi 2.5, hivyo pima sakafu kabla ya kwenda dukani. La pili ni mbinu. Sukuma kwa miguu kwanza, kisha mgongo uegemee nyuma, mikono ivute mwisho. Kurudi ni kinyume chake. Anayevuta kwa mgongo peke yake ataumwa kiuno.

Za hewa hupiga kelele ya feni, lakini kadiri unavyovuta kwa nguvu ndivyo zinavyokuwa ngumu. Za sumaku ni kimya. Za pampu za mafuta ziache: mafuta yakipata moto hulegea, na dakika za mwisho unavuta upepo.

3. Kamba ya kuruka

Rahisi kuliko zote. Kupima urefu, simama katikati ya kamba kwa mguu mmoja. Vishikio vifike kwapani. Anza na ya plastiki nene au ya shanga, kwani waya mwembamba ni wa mzoefu na ukikosea unachapa. Ruka sentimita 2 au 3 tu, juu ya mbao au mpira, si juu ya zege tupu. Mwenye matatizo ya magoti au vifundo aipite.

4. Tredimili

Mashine hii ya kutembea au kukimbia juu ya mkanda ndiyo inayotamaniwa zaidi na ndiyo yenye vingi vya kuharibika. Tangazo likitaja nguvu za farasi, uliza kama ni za kudumu (za muda wote) au za kilele (za muda mfupi tu). Namba ya kilele haina maana. Kwa kutembea, 2 za kudumu zinatosha. Kwa kukimbia tafuta 2.5 hadi 3. Mkanda wa kukimbilia uwe na upana wa sentimita 50 na urefu wa 140 au zaidi. Mkanda mfupi hukufanya ukate hatua.

Kinachochoma injini mara nyingi ni msuguano. Mkanda ukikauka, injini huvuta umeme mwingi hadi bodi ya umeme inaungua. Kila baada ya miezi 3 hivi, au kama kitabu chake kinavyosema, paka mafuta ya silikoni chini ya mkanda. Mafuta ya kula na ya kulegeza kutu huuharibu. Mkanda ukihamia kushoto, zungusha bolti ya nyuma ya kushoto robo mzunguko kufuata saa, kisha uangalie dakika chache kabla ya kuongeza. Ichomeke moja kwa moja ukutani, si kwenye waya mwembamba wa kuunganishia. Acha mita 2 tupu nyuma yake, na ufunguo wa usalama ukae mbali na watoto.

5. Eliptiki

Ni mashine ambayo miguu hukaa juu ya vikanyagio vinavyozunguka kama mtu anayetembea. Nzuri kwa magoti, ila tu ikiwa hatua yake ni sentimita 45 au zaidi. Za bei ya chini zina hatua ya 30 hivi, na unajikuta unakanyaga badala ya kutembea. Maungio yake ni mengi, na kila moja litaanza kulia.

Kistepa kidogo cha pampu (kimashine cha kukanyaga kama unapanda ngazi) hatukukipa nafasi, kwa kosa lilelile la mafuta kupata moto.

Kwa mashine yoyote, uzito wa juu unaoruhusiwa uzidi wako kwa kilo 20 au zaidi. Ikiwa imeshatumika na mtu mwingine, itumie dakika 15 mfululizo mbele ya muuzaji. Beringi iliyokufa na injini inayochemka hazijifichi muda wote huo.