Hyphanet: faragha ipo, spidi ndo hamna

Nimekaa na Hyphanet, programu ya kuweka na kusoma vitu mtandaoni bila kujulikana, wiki tatu kwenye laptop, hii ndo ile Freenet ya kina Ian Clarke ya mwaka 2000, jina tu limebadilika 2023. Hamna seva kuu bana, kila mtu anatoa nafasi kidogo kwenye diski yake, faili linakatwakatwa vipande vya KB 32 vilivyofungwa kwa ufunguo afu vinasambaa huko, hata wewe hujui umemtunzia nani nini. Ukifungua ukurasa ombi linapita mkono kwa mkono, aliye karibu yako hajui kwa uhakika kama unasoma wewe au unampitishia mwingine. Hapo nimewakubali.

Spidi sasa, ohoo, ukurasa wa maandishi matupu unabonyeza, unaenda kuinjika chai, ukirudi ndo unamalizia kufunguka. Na kitu kisichoulizwa muda mrefu kinapotea chenyewe, so picha za harusi weka kwingine.

Bando langu la GB 5 liliisha siku ya pili, kosa langu, niliiacha imewaka usiku kucha inabebea watu mizigo yao. Kama una waifai ya kulipia kwa mwezi jaribu, wa bando kama mimi tutaumia tu.