Jumamosi Kumi za Skripti Ntinda: Nilipata Nusu ya Thamani ya Pesa Yangu

Nianze na pesa, maana ndilo swali la kwanza kila nikisema nilisomea kuandika filamu. Ada ilikuwa shilingi 600,000 za Uganda kwa awamu mbili. Jumamosi kumi, saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, chumba cha ghorofa ya pili pale Ntinda, Kampala. Waendeshaji siwataji. Walionikera na walionifaa walikuwa chumba kimoja, na nitawasema wote.

Mimi nafanya kazi ya kliaringi, yaani kutoa mizigo forodhani, pale Busia, mpakani na Kenya, upande wa Uganda. Kutwa niko na madereva wa malori na makaratasi yao, na Kiswahili ndicho kinachotupitisha wote, Mganda, Mluhya, Msomali, Mnyarwanda. Ijumaa jioni nilikuwa napanda taksi, karibu kilomita 200, tunasimama Namawojjolo watu wanunue kuku wa kuchoma dirishani, nafika kwa shangazi Kireka usiku. Nauli ya miezi hiyo sijathubutu kuijumlisha.

Nilienda na hadithi yangu mkononi: Mariamu, mwanamke wa kliaringi (ndiyo, najua), mumewe dereva amevuka mpaka na hajarudi. Nilikuwa nimeiandika kurasa arobaini kwenye daftari. Jumamosi ya kwanza mwalimu akaniomba nisome mistari michache, nikasoma kwa sauti ya mtu anayengoja kupigiwa makofi: "Mariamu anakumbuka siku mumewe alipomwacha. Moyo unamuuma."

Mwalimu akauliza, "Kamera niiweke wapi?"

Sikuelewa. Akarudia. Nikasema, usoni pake. Akasema uso wa mtu anayekumbuka mume na uso wa mtu anayeumwa jino ni uso mmoja tu, mtazamaji atajuaje? Darasa likacheka. Nilichukia kweli, na chai sikunywa. Lakini usiku ule kwa shangazi nilikaa na ile sentensi mpaka ikageuka: Mariamu anajaza fomu. Kwenye nafasi ya mtu wa kuwasiliana naye anaandika namba kwa haraka, namba ya kichwani. Anasita. Anaikata. Anaandika namba yake mwenyewe. Basi, hakuna moyo wala kukumbuka, na dada aliyekaa nyuma yangu alipoisoma wiki iliyofuata akasema "yee, maskini" kabla hajafika mwisho.

Kama kozi nzima ingekuwa lile swali moja, ningelipa awamu ya kwanza bila kulalamika.

Sasa niseme kitu ambacho mwalimu hakukiona, kwa sababu yeye alisoma kila kitu kwa Kiingereza. Skripti huandikwa kwa wakati uliopo. Anafungua mlango, anaingia, anaona. Ni kanuni ya kila mahali, kwa kuwa mtazamaji anaona jambo linapotokea. Ila sisi tuliolelewa na hadithi za Kiswahili, mkono wetu unakwenda kwenye "ka": akafungua, akaingia, akaketi, akalia. Ni tamu, inajisukuma yenyewe. Nilipopitia rasimu yangu ya pili nilikuta "ka" zimejaa kama mbaazi kwenye sahani. Zinarudisha kila kitu kuwa jambo lililokwisha kutokea na sasa linasimuliwa na bibi. Nilipozitoa, maonyesho yalibaki makavu siku mbili tatu, halafu yakaanza kusimama yenyewe. Ukiandika kwa Kiswahili, tafuta "ka" zako kabla ya kutafuta kosa lingine lolote.

Sehemu ya muundo waliifundisha vizuri, hapo siwanyimi haki. Kila sini, yaani onyesho moja, inaanza na mstari wake: ndani au nje, mahali, mchana au usiku. Maelezo mafupi. Jina la mhusika kwa herufi kubwa, mazungumzo chini yake kwenye safu nyembamba katikati ya ukurasa. Herufi ni Courier, ukubwa wa 12, ambayo kila herufi ina upana uleule, "i" sawa na "m". Ndiyo sababu watu wa filamu hukadiria ukurasa mmoja kuwa dakika moja ya picha: ukurasa wa mtu huyu na wa yule unabeba kiasi kinachokaribiana.

Kinachokaribiana, nasema, kwa sababu nilipima na simu. Ukurasa wangu wa Mariamu na mama mkwe wakirushiana maneno uliisha kwa sekunde arobaini na kitu. Ukurasa wa lori kupekuliwa usiku, ambao una mistari michache tu, nikiufumbia macho na kuuona, haupungui dakika tatu. Halafu safu ile nyembamba ya mazungumzo ilitengenezwa na watu wenye maneno mafupi. Weka pale "hawatakuruhusu" na "nisingekuambia" uone mistari inavyovunjika. Mwalimu alishangaa kwa nini kurasa zangu za mazungumzo ni ndefu, nikamwambia ni maneno yenyewe, akasema nipunguze. Maneno hayapungui, ila sentensi zilipungua, na hilo nalo lilikuwa faida.

Programu ya kuandikia ndiyo iliyoniudhi. Tangazo lilisema imo ndani ya ada. Kumbe ni jaribio la bure ambalo mtu yeyote angelipakua kwenye intaneti, na muda wake uliisha tukiwa wiki ya sita, mimi nikiwa na kurasa kumi na nane ndani. Programu zile kubwa za kulipia, kwa shilingi yetu, zinafika mamia ya maelfu. Kijana mmoja darasani akanionyesha Trelby, ambayo ni ya bure kabisa, haina mbwembwe, na ndiyo ninayoitumia mpaka leo. Inapanga kurasa inavyotakiwa. Ningeijua siku ya kwanza nisingepoteza Jumapili nzima kunakili upya.

Na angalia karatasi. Niliandika nusu saa ya kwanza ya mfululizo wa televisheni, kurasa thelathini barabara, nikaenda kuchapa Nasser Road. Zikatoka ishirini na nane. Nikadhani jamaa ameruka kurasa, tukabishana pale mbele ya watu. Hakuruka. Programu ilikuwa imewekwa kwa karatasi ya Marekani, yenye urefu wa milimita 279, na yeye kaifungua upya akaipanga kwa A4, yenye 297. Kila ukurasa unameza kama mistari minne zaidi. Nilirudi kumwomba radhi, na wenzangu darasani nikawaambia, kwa sababu hakuna aliyekuwa ametuambia.

Kuhusu televisheni wenyewe walipita mbio. Jumamosi moja tu: kwamba nusu saa yenye matangazo hubakiza kama dakika ishirini na mbili za hadithi, na kwamba kabla ya kila tangazo lazima pawe na kitu kinachomzuia mtu kubadilisha chaneli. Mengine yalikuwa mfano wa Marekani, chati ya kurasa, tukio kubwa liangukie ukurasa wa ngapi. Nilinakili yote. Sijaifungua tena chati ile.

Jumamosi ya nane ndiyo tuliyosomeana. Meza zikaunganishwa, kila mtu akagawiwa mhusika wa skripti ya mwenzake, mwandishi anakaa kimya. Kukaa kimya ndiyo kazi. Kwenye yangu, ofisa wa forodha alipewa mzee mmoja mwanajeshi mstaafu, darasa zima tulimwita Afande. Kiswahili chake ni cha kambini, kimenyooka kama mti wa bendera. Nilikuwa nimemwandikia ofisa huyo: "Tafadhali, mama, ningeomba unionyeshe nyaraka zote za mzigo huu."

Afande akasoma. Akasimama katikati. Akaweka karatasi mezani.

"Mama Mariamu," akaniita kwa jina la mhusika wangu, "huyu askari amelala wapi? Saa nane ya usiku, mvua, lori la kumi na tano. Atasema hivi?"

Nikasahau kwamba natakiwa kukaa kimya. "Atasemaje, Afande?"

"Leta karatasi."

Akatulia kidogo, akaongeza, "Halafu ananyamaza."

Nilikuwa nafanya kazi mpakani miaka tisa. Nimeambiwa "leta karatasi" mara ngapi? Lakini nilipokaa kuandika nilivaa Kiswahili cha shuleni, cha kusahihishwa na mwalimu wa mtihani. Nilikata sentensi ile palepale. Nikaanza kukata nyingine, na kurasa mbili zikawa moja na robo.

Kule kunyamaza ndiko kulikonifanya nifikirie vibanda vya video. Nimekulia humo. Upande wetu vijei anatafsiri picha kwa Kiluganda papo hapo, ukivuka upande wa Kenya unakuta DJ Afro anaunguruma kwa Kiswahili, na wote wawili hawaachi hata sekunde moja tupu. Stelingi akitazama tu dirishani, wao wanamwekea maneno. Nadhani ndiyo maana kizazi chetu tunaogopa kimya kwenye skripti, tunahisi kuna mtu ameondoka kwenye maiki. Hii ni nadharia yangu, haikufundishwa Ntinda.

Malalamiko yangu makubwa sasa. Awamu ya pili ya ada ilikuwa ni ya "maoni ya kitaalamu ya maandishi" juu ya skripti nzima, ndani ya wiki mbili. Nilituma. Wiki mbili zikapita, mwezi, nikapiga simu, nikaambiwa foleni ni ndefu. Mwezi wa tatu ikaja barua pepe ya mistari mitano. Mstari mmoja ulimsifu mhusika anayeitwa Miriam. Mwingine ulishauri niongeze "mandhari ya Kiafrika zaidi." Hadithi nzima iko Busia, sijui waliitaka iwe ya Kiafrika kiasi gani tena. Niliandika kuomba nusu ya pesa, na bado nangoja jibu.

Na lile la lugha. Mwalimu alishauri nibadilishe mazungumzo yawe Kiluganda na Kiingereza, kwamba Kiswahili Uganda ni cha jeshi na hakina mnunuzi. Nusu ya maneno yake ni kweli. Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973 na kumbukumbu hiyo wengi hawajaisamehe, hata baada ya katiba kukipa nafasi ya lugha rasmi ya pili mwaka 2005 na baraza la mawaziri kukipitisha tena mwaka 2022. Lakini mpaka uko saa nne au tano tu kutoka alipokaa. Ng'ambo yake kuna chaneli kama Maisha Magic Bongo, kuna tamasha la filamu la Zanzibar, na kuna watazamaji ambao hawahitaji vijei ili wamwelewe Mariamu. Nilibaki na Kiswahili, na Kiluganda nimewaachia wahusika ambao kweli wangekisema, kama mama muuza chapati pale getini.

Ningelipa tena? Awamu ya kwanza, ndiyo, kwa swali la kamera na kwa ile meza. Ya pili, hapana. Mkienda, ulizeni kabla ya kulipa ni nani hasa atakayesoma kazi yenu na lini, na mtake jina lake. Programu msinunue. Na wale wenzenu wa darasani chukueni namba zao za simu siku ya kwanza, msingoje ya mwisho.

Sisi wanne bado tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwenye kafunda kamoja, kibanda kidogo cha kula na kunywa, pale Kireka. Kila mtu anajilipia chai na rolex yake (chapati iliyoviringishwa na mayai), tunasomeana kurasa kumi kumi. Niko rasimu ya nne. Afande kila akifika anauliza kama ofisa wake wa forodha bado yumo.

Yumo. Ana mistari miwili, na huo wa pili anataka niukate.