Fundi aliyeniambia nikapike: uzoefu wangu na duka la vifaa vya ujenzi

Ninaandika hasira zikiwa bado hazijapoa, kwa sababu zikipoa nitamhurumia yule fundi na kumpa sifa asizostahili.

Duka ninalolizungumzia lipo mtaani kwetu Tabata, na ukinunua pale koki au kipande cha bomba hawachoki kukuambia kwamba wanaye fundi wao, na kwamba kazi yake ni ya uhakika. Miezi michache iliyopita kiungio kati ya mpira wa maji na tangi la choo cha kukaa kilianza kuvuja, si kwa wingi, lakini kiasi cha kuilowesha sakafu na kuifanya mita izunguke hata watu wote wakiwa wamelala. Duka lilimleta fundi siku hiyohiyo, na kwa hilo nawapongeza.

Alipofika hakufunga maji. Koki ndogo ipo ukutani, chini kidogo ya tangi, na imewekwa pale kwa shughuli kama hiyo, lakini yeye aliifuta nati kwa pindo la shati, na huku matone yakiendelea kujikusanya chini yake, akaanza kuizungushia silikoni. Nikamwuliza kwa adabu, "Fundi, hiyo itashikaje mahali palipolowa?" Akanijibu bila hata kugeuka: "Mama, wewe kapike, choo niachie mimi."

Kuvuja ningevumilia, kauli hiyo ndiyo inayonikera mpaka leo. Bili ya maji ya nyumba ile nailipa mimi, na hela ya fundi ilitoka kwenye mkoba wangu, kwa hiyo hata kama nisingekuwa najua lolote kuhusu mabomba, nilikuwa na haki ya kuuliza. Tena nilikuwa najua. Katika kiungio cha namna ile kinachozuia maji ni raba bapa iliyomo ndani ya nati, na raba ikichakaa au ikikaa upande, kuipaka nati silikoni kwa nje ni sawa na kumpaka poda mtu mwenye jipu.

Matone hayakukoma, naye badala ya kufungua nati aitazame raba, akachukua spana na kukaza kwa nguvu zake zote. Nati ile hukazwa kwenye vali inayoingiza maji ndani ya tangi, na uzi wa vali hiyo ni wa plastiki. Ulilia "ka!", maji yakaruka hadi kwenye dari, na hapo ndipo aliponiuliza koki ipo wapi. Kisha akanieleza, uso mkavu kabisa, kwamba tangi lilikuwa bovu tangu zamani na kwamba ninunue jipya, dukani kwao bila shaka.

Nilipopiga simu dukani walimtuma kijana aliyekuwa akimbebea fundi mfuko wa vifaa, ambaye siku ile hakufungua kinywa. Alinipa shikamoo, akafunga koki, akavuta maji ili tangi libaki tupu, akaitoa vali iliyopasuka na kuweka nyingine, na mpira nao akautia raba mpya. Nati aliikaza kwa vidole, spana akaitumia mwishoni tu, kidogo sana. Alipofungua maji aliizungushia nati karatasi kavu ya chooni, akachuchumaa kuitazama, akaniambia, "Mama, tusubiri kwanza, ikilowa tutaiona." Karatasi ilibaki kavu, na sakafu ni kavu hadi ninapoandika.

Nilikuwa nimekusudia kuwaambia msilikaribie duka hilo, lakini nikimkumbuka kijana yule naona nitakuwa ninamwonea, na duka linalomlea mtu wa aina ile haliwezi kuwa baya lote. Basi nendeni, ila mwombeni mletewe yeye.

Hata hivyo, nimeitafuta risiti ili niwatajie gharama, na sasa ndipo ninapoona kwamba vali ile, iliyovunjwa na fundi wao kwa mkono wake mwenyewe mbele ya macho yangu, nimetozwa mimi, na juu yake kuna ufundi wa safari zote mbili. Msiende. Au nendeni mkanunue raba tu, mrudi nayo nyumbani, na mkimkuta kijana yule peke yake pale nje, mwombeni namba yake ya simu.