Miezi 14 na kamera ya megapikseli 61: kutoka kumbi za Dodoma hadi miamba ya Kolo

Kamera ninayoieleza hapa niliinunua ikiwa imeshatumika, nikafanya nayo kazi kwa miezi 14 katika kumbi za sherehe za Dodoma mjini na, kila nilipopata nafasi, kwenye miamba yenye michoro ya kale huko Kolo, wilayani Kondoa. Haina kioo cha ndani, sensa yake (kipande kinachopokea mwanga) ni ya fremu nzima, yaani ya ukubwa wa filamu ya milimita 35, na kila picha ina nukta 9,504 kwa upana na 6,336 kwa kimo; megapikseli moja ni nukta milioni moja. Ukiichapisha kwa nukta 300 kwa kila inchi, unapata picha ya upana wa sentimita 80 bila kuikuza.

Kazi ya kwanza ilikuwa sendofu, na ndiyo iliyonionyesha kwamba kifaa hiki hakikuundwa kwa ajili ya sherehe. Nilirudi nyumbani na picha 1,800, kila faili ghafi ikiwa na takriban megabaiti 60 hata baada ya kubanwa, yaani zaidi ya gigabaiti 100 kwa usiku mmoja. Bibi harusi alizitazama zote kwenye simu, baada ya kutumiwa kwa WhatsApp, ambayo huzibana tena. Isitoshe, mtikisiko mdogo wa mkono ambao kamera yangu ya zamani ya megapikseli 24 ilikuwa haiuonyeshi sasa ulionekana wazi, ikanilazimu kupandisha kasi ya shata kutoka 1/125 hadi 1/500 ya sekunde. Mwanga wa ukumbini haukutosha, nikapandisha na ISO, yaani unyeti wa kamera kwa mwanga, na chenga zikajaa kwenye vivuli.

Kolo ni habari nyingine kabisa. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006, na mwaka 1951 mtafiti wa mambo ya kale Mary Leakey alikaa huko akiinakili kwa mkono. Nilisimama na mwongozaji wetu mbele ya watu warefu, wembamba, waliochorwa kwa rangi nyekundu, nikapiga bila flashi, kamera ikiwa juu ya stendi. Jioni nilipoikuza picha kwenye kompyuta, niliona mstari ambao jiweni nilidhani ni ufa: ulikuwa wa rangi, mwembamba kuliko unyasi, ukipita juu ya kichwa cha mmoja wao na kukatikia pale ambapo jiwe limebanduka. Nilikaa nao muda mrefu. Mvua na jua vinaendelea kuibandua rangi ile, na kwa sababu hiyo naamini picha ya aina hii ni kumbukumbu inayostahili gharama yake.

Kamera ina pia njia ya kupiga picha 16 mfululizo huku ikiisogeza sensa kwa nukta moja au nusu nukta, kisha programu ya kompyuta ikaziunganisha kuwa picha moja ya megapikseli 240. Faida yake si ukubwa peke yake. Kwa kawaida kila nukta ya sensa hupokea rangi moja tu, nyekundu, kijani au bluu, na zilizobaki hukadiriwa kutokana na nukta jirani. Sensa inaposogezwa, kila mahali hupimwa kwa rangi zote tatu, na wekundu wa udongo wa michoro ile hutoka bila kukisiwa. Masharti yake ni magumu, kwani kitu chochote kisitikisike. Mara mbili upepo ulitikisa majani pembezoni mwa picha, na yakatoka kama miraba midogo iliyopangwa mithili ya mkeka. Faili za mkupuo mmoja, zisipobanwa, zinakaribia gigabaiti mbili.

Vumbi la Dodoma nalo lina bei yake. Wakati wa kiangazi sibadilishi lenzi nikiwa nje, kwa sababu chembe moja kwenye sensa huonekana kama doa angani. Lenzi yenyewe nayo ina kikomo: nikilibana tundu lake la kupitishia mwanga kupita kipimo cha f/11, mwanga hutawanyika na ukali hupungua, hata sensa iwe na nukta nyingi kiasi gani.

Ndiyo maana sishawishiki na mbio za tarakimu. Mwaka 2015 Canon ilitangaza sensa ya megapikseli 250, na Januari 2025 ikatangaza ya 410, iliyokusudiwa viwanda, tiba na ulinzi. Kamera ya kituo cha Vera Rubin nchini Chile ina megapikseli 3,200, lakini inatazama anga. Simu zenye megapikseli 200 huunganisha nukta 16 kuwa moja na kukupa picha ya takriban 12. Mimi ningependa watengenezaji waelekeze nguvu kwenye uunganishaji: kamera iyatambue majani yaliyotikisika, iyaache, na kuimalizia kazi hukohuko mwambani.

Kwa sherehe nimerudi kwenye megapikseli 24. Hii ya 61 nimeiwekea begi lake, na kiangazi hiki nitarudi Kolo asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka, kuupiga tena ule mstari kwa picha 16.