Tahadhari: Muuzaji wa Winchester za “kabla ya vita” zenye barua za kughushi

Ndugu zangu, naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki kusubiri hasira hiyo ipoe, kwa kuwa nimeambiwa kwamba mtu huyu atakuwa na meza tena kwenye maonyesho yajayo ya bunduki na atatandika kitambaa kilekile cha kijani. Ameniuzia bunduki ya kampuni ya Winchester ya Marekani, Model 1894 ya risasi za .30-30, kwa bei ya bunduki ya asili iliyotengenezwa kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilhali ni bunduki ya baada ya vita iliyotobolewa, ikazibwa matundu, ikapigwa msasa na kutiwa rangi upya. Juu ya hayo akanikabidhi barua ya kiwanda, yaani ya kuthibitisha jinsi bunduki ilivyotoka kiwandani, ambayo, kama nitakavyoeleza, haiwezi kuwapo duniani.

Muuzaji mwenyewe ni mtu mzima mwenye mvi, mpole wa sauti, aliyevaa glavu nyeupe za pamba na asiyemruhusu mtu kugusa chuma kabla ya kufuta mikono. Aliitoa bunduki ndani ya mfuko wake taratibu, akailaza juu ya kitambaa, akageuza taa ndogo ya mezani ili mwanga uteleze kwenye mtutu, kisha akanyamaza na kuniacha nitazame. Rangi ya chuma, ule weusi unaoelekea buluu, ilikuwa imejaa kutoka mdomo wa mtutu hadi kwenye wenzo, ule mkono wa chini wa kuingizia risasi, bila doa. Nilipoushusha wenzo na kuurudisha, ulikwenda laini, na nyundo ikakaa mahali pake kwa mlio safi. Nilisema kwa sauti, mbele ya watu waliosimama karibu, kwamba inaonekana kana kwamba imetoka kiwandani jana. Akatabasamu na kusema, “Kijana wangu, umesema mwenyewe, mimi sikusema.” Sasa ninaelewa alikuwa akitabasamia nini, na kila ninapoikumbuka sentensi ile uso unanichoma.

Nieleze pia kwa nini nilimwamini, maana najua wapo watakaosema kwamba ningepaswa kuona. Kwanza, alinionyesha kasoro kabla sijauliza: mkwaruzo mdogo upande wa chini wa kitako, akausugua kwa kidole na kusema kwamba hataki nije nikauone nyumbani nikamlaani. Mtu akikutajia dosari moja kwa hiari yake, macho yako huacha kutafuta nyingine, na yeye alilijua hilo vizuri. Pili, alijua historia ya bunduki hii, na karibu kila alichoniambia kilikuwa kweli: kwamba iliundwa na John Moses Browning, kwamba risasi ya .30-30 iliingia sokoni mwaka 1895 ikiwa miongoni mwa risasi za kwanza za uwindaji nchini Marekani kutumia baruti isiyo na moshi, na kwamba bunduki ya milioni moja ya aina hii alipewa Rais Calvin Coolidge mwaka 1927. Alisimulia kisa cha Coolidge kwa raha, kama babu anayesimulia wajukuu, halafu akahama kwenye mambo mengine.

Kisha akatoa barua. Ilikuwa ndani ya fremu, ina mhuri na saini, imeandikwa kwamba bunduki yenye namba hii ilitoka kiwandani mwaka 1936 ikiwa na mtutu wa kawaida na kitako cha kawaida. Nililinganisha namba iliyo kwenye barua na ile iliyo kwenye chuma, zikalingana tarakimu kwa tarakimu. Mtu mwingine angefanya nini zaidi? Baada ya hapo akafungua simu yake na kunionyesha matangazo kadhaa ya Winchester za kabla ya vita, yote yenye bei ya juu kuliko yake, akisema kwamba hataki kunipangia bei, soko lenyewe ndilo linasema. Nilipokuwa bado nafikiri, akaja bwana mmoja mwenye haraka akauliza kama “ile ya thelathini na sita” bado ipo. Muuzaji akamjibu kwa heshima kwamba kuna mtu anaitazama, asubiri kidogo. Nikalipa. Jioni, maonyesho yalipokuwa yakifungwa, nilimwona bwana yule mwenye haraka akimsaidia kukunja kitambaa na kupakia masanduku kwenye gari.

Fundi wa bunduki niliyempelekea baadaye hakuhitaji muda mrefu. Alisoma namba, inayozidi kidogo 1,600,000, akaniuliza nani amenidanganya kwamba ni ya mwaka 1936. Bunduki ya milioni moja na nusu alipewa Rais Harry Truman mwaka 1948, na ile ya milioni mbili alipewa Rais Dwight Eisenhower mwaka 1953, kwa hiyo yangu imo katikati ya hizo mbili na haiwezi kuzaliwa kabla ya vita hata kwa miujiza. Ndipo nilipotambua kwamba tapeli yule alikuwa amenipa kipimo cha kumkamatia yeye mwenyewe, akakikata kwa makusudi kwa Coolidge kabla ya kufika kwa Truman.

Barua ndiyo iliyomchekesha fundi, ingawa mimi sikucheka. Kumbukumbu za kiwanda cha Winchester zinatunzwa kwenye makumbusho ya silaha ya Cody, jimbo la Wyoming, na wao ndio wanaotoa barua za kuthibitisha jinsi bunduki ilivyotoka kiwandani. Lakini kwa Model 1894, kumbukumbu walizo nazo haziifikii namba 354,000, yaani zinaishia miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Mtu yeyote anayekupa barua ya aina hiyo kwa bunduki yenye namba ya milioni moja na zaidi amekupa karatasi aliyoitengeneza mwenyewe. Huku si kupandisha bei kupita kiasi, jambo ambalo kila muuzaji hujaribu. Huku ni kughushi hati, na mahali pa mtu anayeghushi hati ili ajipatie fedha ni mahakamani.

Chini ya taa kali, upande wa kushoto wa kiwiliwili cha bunduki, yaani sehemu ya katikati inayobeba mtambo, yalionekana madoa ya duara yaliyopangana, membamba sana, yenye weusi uliotofautiana kidogo na chuma kinachoyazunguka. Ni matundu yaliyozibwa. Winchester za aina hii zilirusha ganda la risasi juu moja kwa moja, hivyo darubini haikuweza kukaa juu ya kiwiliwili bila kuziba njia, na wenye nazo wengi walitoboa ubavuni ili kuifunga pembeni. Kiwanda kilibadilisha pembe ya kurusha ganda mwanzoni mwa miaka ya 1980 tu. Kutoboa huko si dhambi, mtu alikuwa akiitumia bunduki yake kuwindia. Dhambi ni kuyaziba, kusaga chuma kizima kwa msasa ili alama zifichike, kutia rangi upya, kisha kuita kazi hiyo rangi ya kiwandani.

Nilipompigia simu alinijibu kwa sauti ileile ya upole kwamba niliikagua kwa mikono yangu, kwamba mauzo ya mezani hayarudishwi, na kwamba hata hivyo bunduki ni ya kabla ya 1964, kwa hiyo nina bunduki nzuri. Sentensi hii ya mwisho ina ukweli ndani yake, na ndiyo sababu inaudhi. Mwaka 1964 kiwanda kilibadilisha utengenezaji ili kupunguza gharama, baadhi ya vipande vilivyokuwa vikichongwa kwenye chuma cha kufua vikaanza kukandamizwa kutoka kwenye bati, na wakusanyaji tangu hapo wanazipenda za kabla ya mwaka huo. Lakini bei ya kabla ya 1964 si bei ya kabla ya vita, na zote mbili ni bei za bunduki ambayo haijaguswa. Iliyotobolewa na kutiwa rangi upya hupoteza mara nyingi nusu ya thamani au zaidi, inakuwa bunduki ya kupigia na si ya kukusanya, na inapaswa kulinganishwa na nyingine zilizoharibiwa vivyo hivyo na ambazo zimeshauzwa. Nasisitiza: zimeshauzwa. Matangazo aliyonionyesha kwenye simu yalikuwa ya watu wanaotaka, si ya watu waliopata. Yanaweza kukaa miaka bila mnunuzi. Bei za kulinganisha ni zile za minada iliyofungwa, ambako mtu ametoa fedha kweli.

Dalili nyingine nazitaja harakaharaka, kwa kuwa nilizijua kwa fedha zangu. Maandishi yaliyopigwa kwenye mtutu yalikuwa hafifu na laini kingoni, kama yaliyooshwa. Kona za kiwiliwili zilizopaswa kuwa kali zilikuwa za mviringo, na vyuma kandokando ya matundu ya skrubu vilikuwa vimebonyea. Mbao ilikuwa chini kidogo ya chuma pale vinapokutana, ilhali mbao ya kiwandani huachwa ikiwa juu kidogo. Ikishuka, ujue imepigwa msasa. Skrubu zilikuwa na makovu ya bisibisi yaliyofunikwa na rangi mpya, maana yake zilifunguliwa kabla ya rangi. Mifuo ndani ya mtutu, ile michirizi inayoizungusha risasi, ilikuwa imelika karibu na mdomo, kwa sababu bunduki hizi husafishwa kwa ufito unaoingizwa kwa mbele. Hilo peke yake lilitosha kuonyesha kwamba chuma kinachong'aa nje kimefanya kazi miaka mingi.

Haitoshi mtu huyu kurudisha fedha zangu, ingawa nazitaka zote. Waandaaji wa maonyesho wamnyime meza kabisa, si kwa msimu mmoja, na picha yake iwekwe mlangoni. Yule bwana mwenye haraka naye aunganishwe kwenye shtaka, maana alilipwa kwa kazi ile. Inaniuma zaidi kufikiri kwamba baada yangu kuna mtu atakayemleta mtoto wake kununua bunduki ya kwanza na atapewa kisa cha Coolidge.

Kwenye meza yake kulikuwa pia na Winchester ya kumbukumbu ya Buffalo Bill, mwindaji maarufu wa Marekani, toleo la mwaka 1968, akiitangaza kuwa ni adimu, ilhali zilitengenezwa zaidi ya 100,000 na nyingi ziliwekwa kabatini bila kupigwa hata risasi moja. Nasikia sasa ana bunduki ya kampuni ya Marlin, Model 336, anayoiita ya zamani. Anayetaka kuitazama aangalie mtutu karibu na kiwiliwili kama kuna mhuri wa herufi JM, ambao haupo kwenye zile zilizotengenezwa baada ya Remington kuinunua kampuni hiyo na kuhamisha utengenezaji, na asikubali kuonyeshwa picha ya mhuri badala ya mhuri wenyewe.

Kama uliwahi kununua kwake na una barua yake, usiichane kwa hasira. Itoe kwenye fremu bila kuikunja, ipige picha mbele na nyuma pamoja na namba ya bunduki, na uhifadhi stakabadhi yoyote aliyokuandikia. Tumeshapata barua nyingine yenye saini ileile na mhuri uliopinda mahali palepale, na mwanasheria tuliyemwona amesema kwamba kila barua itakayoongezeka inaliimarisha shauri letu dhidi yake.