Unataka kuanza anime? Anza na zenye mwisho

Mtu akiuliza "nataka kuanza kuangalia anime (katuni za Kijapani), nianze na ipi" majibu huwa ni yale yale, Naruto, One Piece, Dragon Ball, na mimi kila siku nakataa. Sio kwamba ni mbaya jamani, One Piece naipenda kinoma, ila umpe mgeni kitu kilichoanza 1999, mwaka 2021 kikavuka episodi 1000 na mpaka leo hakijaisha, hapo umemfukuza tu. Naruto nayo ukijumlisha ile ya kwanza yenye 220 na muendelezo wake, Shippuden, wenye 500 unapata 720. Afu humo ndani kuna fila kibao, yaani zile episodi ambazo kwenye manga (kile kitabu cha katuni anime inakotoka) hazipo, anime ilikuwa inatoka kila wiki ikawa inakaribia kuifikia manga, sasa studio ikabidi watunge stori za kujazia ili mwandishi apate nafasi ya kwenda mbele. Shabiki mzoefu anajua zipi za kuruka. Mgeni hajui, anakaa na episodi kumi ambazo haziendi popote, anadhani anime zote ndo ziko hivo, anaacha.

Kwahiyo ushauri wangu ni mmoja tu, anza na kitu chenye mwisho. Muvi moja ya masaa mawili, au series ambayo imeshaisha na unajua kabisa inaishia wapi.

Kwenye muvi, kama una yule rafiki anayesema katuni ni za watoto, mwekee A Silent Voice ya 2016, ya Kyoto Animation, director Naoko Yamada. Shoko ni binti asiyesikia, anahamia shule mpya, na Shoya ndo kinara wa kumuonea, anafika mpaka kumnyang'anya vile vifaa vyake vya kusikilizia. Mambo yakishakuwa makubwa darasa zima linamgeuka Shoya, wale wale waliokuwa wanacheka naye wanajitoa na kumwachia mzigo peke yake. Miaka inapita, sasa ni kijana mkubwa, na hapa ndo nilipoipenda hii muvi moja kwa moja: kila mtu anayepita mbele yake uso wake una alama kubwa ya X, kwa sababu Shoya hawezi tena kumwangalia mtu machoni. Mtu akimsogelea kwa nia njema, ile X inabanduka inadondoka. Hamna anayekaa kukufafanulia, unaona tu mwenyewe na unaelewa, na kuanzia hapo kila uso mpya ukitokea unausubiri uone X itatoka au itabaki. Angalia pia mikono yao wakiongea kwa lugha ya alama, imechorwa kwa umakini wa ajabu, kuna sehemu mikono inasema kitu ambacho mdomo umeshindwa. Ila nikuambie mapema, ndani kuna suala la kutaka kujiua, kama linakugusa vibaya iache kwanza.

Spirited Away ya Hayao Miyazaki kila mtu ataitaja na wako sahihi, ya 2001, Oscar ilichukua 2003. Binti wa miaka 10, Chihiro, wazazi wake wanageuka nguruwe, yeye anabaki anafanya kazi kwenye nyumba ya kuogea ya mizimu kwa bibi mchawi aliyemnyang'anya hadi jina. Kuna kipande cha treni inayopita juu ya maji, dakika kadhaa hamna mtu anaongea, hamna vita, hamna haraka, mtoto amekaa tu anaangalia mbele, na ukiona hicho kipande kinakukamata ujue muvi za Ghibli, studio ya Miyazaki, zote ni zako. Kikikuchosha pia sio kosa, nenda Your Name ya Makoto Shinkai, hiyo inakimbia, inachekesha, alafu katikati inakugeukia vibaya sana. Siongezi neno hapo, na usiende kusoma stori yake popote kabla hujaiona.

Sasa series. Namba moja yangu kwa mgeni ni Fullmetal Alchemist: Brotherhood na sibadilishi, episodi 64, ilitoka 2009 ikaisha 2010, imekwisha kabisa. Ndugu wawili wanajaribu kumfufua mama yao kwa sayansi iliyokatazwa, mkubwa anapoteza mguu na mkono, mdogo anapoteza mwili wote inabaki roho tu imefungwa ndani ya vazi la chuma. Wanachotafuta ni kurudisha miili yao, na kutokea hapo inakuja siasa, jeshi, mauaji ya kabila zima, na kila mhusika mdogo unayekutana naye mwanzoni anakuja kuwa na kazi yake mbele. Yaani hamna kitu kinachopotea. Angalizo ni mawili. Episodi ya kwanza imekaa kama ya kuwafurahisha waliokuwa wanajua stori tayari, utaona watu wengi wanatajwa na huwajui, vumilia, ya pili ndo inaanza mwanzo wenyewe. Alafu kuna Fullmetal ya 2003 yenye episodi 51, hiyo ilitengenezwa manga ya Hiromu Arakawa ikiwa bado haijaisha kwahiyo ikaenda njia yake na mwisho wake, nzuri tu kwa namna yake, ila usizichanganye.

Death Note, episodi 37, hii mpe mtu anayependa stori za wapelelezi. Mwanafunzi ana daftari, akiandika jina la mtu huku anaijua sura yake, huyo mtu anakufa. Episodi ya pili tu mpelelezi anamtegea mtego kwa kutumia matangazo ya TV na hapo hapo unajua kwamba wote wawili ni vichwa, na raha yote iko hapo, kila mmoja anawaza mwenzake anawaza nini. Ukweli usemwe, robo ya mwisho inashuka, kuanzia kwenye 26 hivi inakuwa sio ile tena, ila usiishie hapo, mwisho wenyewe umesimama.

Anayependa michezo apewe Haikyuu!!, ni mpira wa wavu, hata kama sheria zake huzijui itakufundisha bila wewe kujua kama unafundishwa. Mwenye muda wa kuunga unga apewe Cowboy Bebop ya 1998, ni 26 tu, na karibu kila episodi inajitegemea, muziki wa Yoko Kanno peke yake unatosha kukukalisha. Na Frieren, episodi 28 za mwanzo, hii naiweka baada ya kuwa umeshaangalia angalau moja ya safari na mapambano, kwa sababu yenyewe inaanzia pale ambapo nyingine zinaishia: mfalme wa mashetani ameshashindwa, mashujaa wanarudi nyumbani. Frieren ni "elf", kiumbe wa hadithi anayefanana na binadamu ila anaishi miaka zaidi ya elfu moja, kwake ile safari ya miaka kumi ni kitu kidogo tu. Miaka 50 inapita anarudi anamkuta mwenzake Himmel ni mzee, na kwenye mazishi yake ndo analia kwamba mbona sikujaribu kumjua. Hiyo ni episodi ya kwanza, sijakuharibia kitu. Nimewahi kuona watu wakiiita ya polepole, mimi naona ule upole ndo utamu wenyewe.

Za kuacha baadae: Perfect Blue ya Satoshi Kon, kali sana lakini ni ya watu wazima na inavuruga akili, na Grave of the Fireflies, watoto wawili kwenye vita, isiwe ya kwanza hata kidogo. Fikiria mwaka 1988 iliingia sinema pamoja na My Neighbor Totoro, muvi nyingine ya Ghibli, laini kuliko zote, watu walikaa wakaangalia zote mbili kwa mkupuo.

Suala la lugha lisikusumbue. Mimi nasikiliza Kijapani na kusoma maandishi chini, kwa sababu sauti zao zina hisia nyingi, lakini Cowboy Bebop kwa Kiingereza imefanywa vizuri mno na ukiona unasoma maandishi mpaka unakosa picha basi weka dabu, yaani ile iliyoingizwa sauti za lugha nyingine. Wapo watakaokuambia hujaangalia anime ya kweli, waache, angalia unavyoelewa.