Linux Mint kando ya Windows kwenye laptopu ya steshenari: nyota 4 kati ya 5

Nina steshenari ndogo hapa Morogoro: kuchapa, kuprinti, kutoa kopi, kuwajazia watu maombi mtandaoni. Laptopu ya dukani ni ThinkPad T450 ya mtumba. Prosesa yake ni Core i5 ya kizazi cha 5, na Windows 11 inataka kuanzia kizazi cha 8 pamoja na TPM 2.0 (chipu ya usalama), kwa hiyo huko sikaribishwi. Windows 10 nayo muda wake wa kuhudumiwa uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Kununua mashine nyingine wakati hii inapiga kazi, hapana. Nikaweka Linux Mint 22, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, toleo lake la Xfce ambalo ni jepesi na masasisho yake yanafika 2029, Windows nikaiacha palepale ilipo.

Kuiweka si kazi ya kutisha kama mafundi wa kupiga Windows wanavyosema (wana biashara yao, siwalaumu). Faili la kupakua linakaribia GB 3, basi subiri bando la usiku. Ukiwa bado ndani ya Windows, zima Fast Startup, maana ikiwa imewashwa Windows haizimiki sawasawa na Mint inaweza kukataa kuandika kwenye diski hiyo. Angalia pia kama BitLocker (kufuli la diski la Windows) imewashwa, uandike ufunguo wake kwenye karatasi. Mafaili ya wateja yapeleke kwenye diski ya nje. Kisha punguza C: (sehemu ya diski yenye Windows) humohumo kwenye Windows, iandike Mint kwenye flashi kwa programu ya Rufus, washa huku ukibonyeza F12. Itafunguka hata kabla hujaisakinisha, kwa hiyo jaribu waifai na printa kwanza. Mwisho chagua kuiweka kando ya Windows. Karibu na chaguo hilo kuna la kufuta diski nzima, kwa hiyo soma kabla ya kubofya.

Kilichonifanya niipende ni flashi za wateja. Wanachuo wanakuja na flashi zilizooza virusi. Ukiifungua kwenye Windows unakuta shotikati tupu, folda zote hazionekani, na mwenyewe anakaribia kulia kwa sababu ripoti ya fildi inakabidhiwa leo. Virusi hivyo vimetengenezwa kwa ajili ya Windows, kwenye Mint havina pa kushika. Naziona folda zilizofichwa, mara nyingine zimesukumwa ndani ya folda isiyo na jina, na shotikati zimebaki pembeni kama maganda. Nakopi ripoti, naprinti, napokea hela.

"Dada, umezirudisha vipi?"

Sikuzirudisha, zilikuwepo muda wote.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya saa na Word. Saa: Mint inaweka saa ya mashine kwa UTC (saa ya kimataifa), Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko mbele kwa saa 3. Ukihamia Windows, risiti ya saa 5 asubuhi inatoka na saa 2. Dawa ni amri moja kwenye Mint, timedatectl set-local-rtc 1, lakini mtu mgeni ataijuaje?

Word: LibreOffice, programu ya kuandikia ya Mint, inafungua barua na ripoti vizuri, hasa ukiongeza fonti ya Carlito, ambayo upana wa herufi zake ni sawa na Calibri. Ila CV za mapambo, zenye visanduku na picha pembeni, zinavurugika, na mteja hataki kusikia habari za fonti.

Kadi za michango ya harusi ndiyo balaa zaidi, maana nyingi zimetengenezwa kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupanga kadi na vipeperushi, na LibreOffice inazifungua shaghalabaghala. Ukija na kadi ya namna hiyo, kaa kwenye benchi kidogo niwashe upande wa Windows.